Herufi tano za Kiingereza: mwongozo kwa mwanafunzi na mzazi wa Lafey

Mtoto anayeanza shule Lafey, Fino au Warankara, kaunti ya Mandera, huja darasani na Kisomali cha nyumbani na Kiarabu cha duksi, yaani chuo cha Kurani. Kiswahili hukiokota sokoni, kwa walimu na kwa maafisa wa serikali. Katika gredi za mwanzo mtaala unaruhusu afundishwe kwa lugha ya eneo lake. Akiingia Gredi ya 4 Kiingereza kinashika usukani, na tangu hapo hata swali la hesabu kuhusu mbuzi na bei yake huulizwa kwa Kiingereza. Anayejua kuzidisha lakini hajui price ni nini anapoteza alama za hesabu kwa sababu ya lugha.

Kwingine pengo hilo huzibwa na mwalimu. Kaskazini Mashariki mwalimu ndiye haba. Novemba 22, 2014, Al-Shabaab waliteka basi lililokuwa likitoka Mandera kwenda Nairobi wakaua abiria 28, wengi wao walimu waliokuwa wakienda likizo, na baada ya hapo walimu wengi wasio wenyeji walikataa kurudi. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, kaunti ya Garissa, na Tume ya Huduma kwa Walimu ikahamisha wengine wengi kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Mzigo ukawaangukia walimu wenyeji waliobaki na vijana waliomaliza kidato cha nne wanaoajiriwa na bodi za shule.

Kwa hiyo nawaandikia watu ambao hawana mwalimu wa Kiingereza wa kumkimbilia kila jioni. Pia siwaambii waingie mtandaoni, maana milingoti ya simu katika ukanda huu wa mpaka imelipuliwa zaidi ya mara moja. Kinachohitajika ni daftari, kalamu, kamusi moja ya shule na robo saa kila siku.

Mbinu yenyewe ni kukusanya maneno yenye urefu mmoja na yanayoshirikiana herufi. Urefu ninaopendekeza ni herufi tano. Maneno ya herufi tatu, kama cat na dog, mtoto huyamaliza haraka. Ya herufi tisa humkatisha tamaa. Kwenye tano ndipo yalipojaa maneno ya kila siku: water, house, camel, money, learn, write. Na hapo ndipo Kiingereza kinapoanza ujanja wake wa tahajia, kwa hiyo anayepapita salama amevuka sehemu ngumu ya safari.

Kiunzi kimoja, maneno mengi

Chora mistari mitano midogo kwenye daftari. Wa kwanza uache wazi, minne inayofuata ijaze i-g-h-t. Sasa pitisha alfabeti kwenye nafasi iliyo wazi, herufi baada ya herufi. B, C na D hazileti neno la kila siku, E inaleta eight. Endelea na utapata fight, light, might, night, right, sight na tight. Hayo ni maneno manane kwa kiunzi kimoja. Humo ndani G na H hazitamkwi, na mwanafunzi aliyeelezwa jambo hilo mara moja hahitaji kulisikia tena mara saba. Kwenye eight irabu imebadilika, inasomwa eit wakati wenzake wanasomwa ait, liwekee alama.

Viunzi vingine vinavyolipa ni -ound (found, hound, mound, pound, round, sound, wound) na -atch (batch, catch, hatch, latch, match, patch, watch). Ukitaka kwenda upande wa mbele wa neno, anza na kn-: knife, knock, kneel, known. K imekaa pale kimya. Halafu wr-: write, wrong, wrist, wreck. W nayo kimya.

Sharti moja. Neno lisiingie kwenye orodha bila maana yake na sentensi moja fupi ya kwetu. We found the goat at night. Sentensi hiyo ina viunzi viwili na imetoka kwenye maisha ya mtoto. Orodha ndefu isiyo na sentensi ni mapambo ya daftari tu.

Sasa tukae kidogo kwenye kiunzi kigumu, chenye E na A katika nafasi ya tatu na ya nne. Kisomali kimeandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini tangu Oktoba 1972, na aliyejifunza kukisoma amezoea kwamba herufi ikiandikwa inatamkwa, na inatamkwa vilevile kila mara. Kiswahili ni hivyohivyo. Kiingereza hakina adabu hiyo. Tazama bread, clean, great, swear na ocean. Yote yana herufi tano, yote yana EA mahali palepale, na hakuna mawili yanayosomwa sawa. Bread husomwa bred, clean husomwa kliin, great husomwa greit, swear husomwa swea, na ocean huishia kama oushen.

Dawa ni kugawa ukurasa kwa safu. Safu ya ii ndiyo itakayojaa kuliko zote: clean, dream, cream, speak, steal, steam, wheat, cheap. Safu ya sauti ya bred itakuwa na bread, dread, tread na sweat. Safu ya ei ina great na break, na kwa mwanafunzi wa shule ya msingi inatosha kuishia hapo. Swear haiko peke yake katika safu ya nne, ingawa wenzake wengi wana herufi nne: bear, wear, tear. Ocean ni mgeni, mpe safu yake. Mtoto akishazipanga hivyo kwa mkono wake mwenyewe hukumbuka kuwa EA ikikutana naye karatasini, ubashiri wa kwanza uwe ii, na akikosea ajaribu bred.

Irabu pacha zina mtego wake kwa Msomali. EE ya Kisomali ni e ndefu, kama ilivyo katika geel, yaani ngamia. Mtoto akisoma sheep kwa sauti ya geel amefuata kanuni aliyoijua tangu utotoni, na wa kulaumiwa ni Kiingereza. Mwambie kwamba EE ya Kiingereza karibu kila mara ni ii: sheep, sleep, green, wheel, teeth, queen, sweet. OO haina uaminifu kama huo. Spoon na tooth zina uu, floor ina o ndefu, blood na flood zina a fupi. Hizo mbili za mwisho zishikwe kwa kichwa tu, maana hakuna kanuni ya kuziokoa.

P, V na Z

Hapa ndipo alama nyingi za imla hupotelea kaskazini, na ni ajabu jinsi vitabu vya kiada vinavyopapita kimya. Alfabeti ya Kisomali haina P, haina V, haina Z. Kiarabu nacho hakina P wala V. Ndiyo maana kwa Kisomali polisi ni boolis, hospitali ni isbitaal na pasipoti ni baasaboor. Mtoto akiandika Kiingereza kwa kufuata sikio, P hugeuka B, V hugeuka F na Z hugeuka S.

Ingekuwa shida ndogo kama neno lililoharibika lingeonekana limeharibika. Mara nyingi linageuka neno jingine zima, lenye herufi tano vilevile, na mwandishi hajui kwamba amesema kitu kingine. Pride ni fahari, bride ni bibi arusi. Peach ni tunda, beach ni ufuo. Plank ni ubao, blank ni tupu. Prove ni kuthibitisha, proof ni uthibitisho wenyewe. Prize ni zawadi ya mshindi, price ni bei. Na kwa jamii ya wafugaji pacha muhimu kuliko wote ni graze, kula nyasi malishoni, na grace, neema. Anayeandika kwamba ngamia wanakwenda to grace amewapandisha cheo.

Andika pacha hawa kwenye ukurasa mmoja, kila mmoja na maana yake, kisha mkubwa wa nyumbani asome mmoja na mtoto aonyeshe kwa kidole ni upi aliousikia. Mkubwa mwenyewe huenda asiweze kuzitofautisha, nalo si jambo la aibu. Kuna vipimo vya mwili. Shika kipande chembamba cha karatasi mbele ya midomo useme pride. Karatasi itatikisika kwa pumzi ya P. Sema bride, itatulia. Kwa V na Z weka vidole kooni: ukisema F au S koo hukaa kimya, ukisema V au Z unasikia mtetemo. Kiswahili nacho ni daraja zuri, kwa sababu kina herufi zote tatu na mtoto anakisoma shuleni. Pata na bata, vaa na faa, zima na sima. Akizimudu hizo, kwenye Kiingereza kazi imebaki nusu.

C na X zinahitaji onyo fupi. Katika Kisomali C ni ile ayn ya Kiarabu, kama katika caano, maziwa. X ni ile ha ya kooni, kama katika xoolo, mifugo. Kwa Kiingereza C ikifuatwa na e, i au y husomwa s, na penginepo mara nyingi ni k. Price na since kwa upande mmoja, camel na cloud kwa upande wa pili. Neno cycle lina zote mbili ndani ya herufi tano, ya kwanza s, ya pili k. X ya Kiingereza kwa kawaida ni ks, kama katika boxes.

Kisha ile E ya mwishoni. Stone, knife, plate, white, graze: E haitamkwi, kazi yake ni kubadilisha irabu iliyotangulia. Mtoto aliyezoea kutamka kila herufi atasoma sto-ne. Mrekebishe mara moja, halafu mwachie akusanye mwenyewe maneno mengine ya aina hiyo.

Herufi zilezile, mpangilio mwingine

Baadhi ya makosa ya insha hayatokani na kutojua herufi bali na kuzipanga vibaya. Quiet ni kimya, quite ni kabisa. Diary ni shajara, dairy ni mahali pa maziwa. Angel ni malaika, angle ni pembe ya jiometri. Trial ni kesi au jaribio, trail ni njia ya mguu. Three na there, bread na beard, board na broad, could na cloud, heart na earth, south na shout, night na thing: kila jozi ina herufi tano zilezile zimehamishwa viti.

Zoezi lake halihitaji kitabu. Kata vipande vitano vya karatasi, andika herufi moja kwenye kila kimoja, mpe mtoto azipange upya. Ampe na mdogo wake. Watoto waliopitia duksi wana faida ambayo shule haiitumii vya kutosha: wamezoea kuandika kwenye loox (ubao wa kuandikia), kukariri, kufuta na kuandika tena. Nidhamu hiyohiyo inafaa hapa. Andika maneno matano, yasome kwa sauti, yafunike, yaandike kutoka kichwani, linganisha. Lililokosewa lirudi kesho, lililopatikana lirudi baada ya wiki.

Michezo inayofanya kazi ya mwalimu

Mchezo wa Wordle, ambao Josh Wardle aliufungulia umma Oktoba 2021 na gazeti la New York Times likaununua Januari 2022, umejengwa juu ya maneno ya herufi tano na mchezaji ana nafasi sita za kubahatisha. Orodha ya kwanza ya majibu yake ilikuwa na maneno yapatayo 2,300, na waliozihesabu herufi zake waligundua mambo yanayomfaa hata asiyecheza. E ndiyo inayotokea mara nyingi kuliko zote, ikifuatwa na A, R, O na T. Herufi inayoanza maneno mengi zaidi ni S, takribani neno moja kati ya sita. Mwishoni huongoza E, kisha Y. Kwa hiyo ukikwama kwenye fumbo, jaribu E mwishoni kabla ya kuhangaika na U.

Bila simu mchezo unachezwa vilevile. Mmoja anaficha neno, mwingine anaandika lake. Mwenye neno anaweka duara kwenye herufi iliyo mahali pake na mstari chini ya herufi iliyomo lakini imekaa pengine.

Scrabble ni hatua ya juu zaidi, na Afrika ina la kujivunia. Novemba 2015, mjini Perth, Australia, Wellington Jighere wa Nigeria alimshinda Mwingereza Lewis Mackay mechi nne kwa sifuri akawa Mwafrika wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia. Katika mechi ya mwisho alipanga FELTY, neno la herufi tano, akapata pointi 36. Wachezaji wa Nigeria wamejijengea sifa kwa kutumia maneno mafupi ya herufi nne na tano badala ya kuwinda marefu tu, kwa kuwa mafupi humbana mpinzani nafasi na kuacha herufi nzuri mkononi.

Mwaka huohuo Nigel Richards wa New Zealand alishinda ubingwa wa Scrabble wa Kifaransa ilhali hawezi kuongea Kifaransa. Aliikariri kamusi. Namtaja ili mzazi aone mpaka wa mbinu hii. Mtoto anaweza kujaza daftari zima kwa maneno sahihi na bado asiweze kumweleza daktari mahali panapomuuma. Ndiyo maana nimesisitiza sentensi.

Seti ya Scrabble dukani si rahisi kupatikana Lafey, lakini katoni tupu ya tambi inatosha. Kata vipande 100 vya mraba vinavyolingana. Viwili viache bila herufi. E ipate vipande 12, A na I tisa kila moja, O nane, N, R na T sita kila moja, D, L, S na U nne nne, G vitatu, B, C, F, H, M, P, V, W na Y viwili viwili, na J, K, Q, X na Z kimoja kimoja. Ubao ni gridi ya miraba 15 kwa 15. Kwa wanaoanza weka sheria ya nyumbani: neno la herufi tano linaongezewa pointi kumi, na mwenye kulipanga lazima aseme maana yake, la sivyo aliondoe. Watoto hugombana sana juu ya sheria hiyo ya pili. Waachie wagombane na kamusi.

Kamusi, ngamia na mtihani

Kamusi ndiyo gharama halisi ya kazi hii. Nunueni moja kwa nyumba kadhaa ikiwa bei inawashinda. Huduma ya Maktaba ya Kitaifa ya Kenya ilianzisha maktaba ya ngamia mwaka 1996 kutoka Garissa, ikipeleka vitabu kwa wafugaji mbali na mji. Ni kielelezo ambacho kamati ya shule au msikiti inaweza kukiiga kwa sanduku moja la vitabu linalozunguka kati ya maboma. Walio karibu na redio wasikilize vipindi vya shule vya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) kwenye idhaa ya Kiingereza ya KBC. Na siku mtandao unapokubali, kamusi ya OneLook hukuruhusu kuandika alama ya kuuliza mahali pa herufi usiyoijua: gr??e italeta graze, grace, grape, grade na mengine ya umbo hilo.

Kwa mtahiniwa wa KCSE faida ni ya moja kwa moja. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza ina alama 60, na 10 kati ya hizo ni za kujaza mapengo kumi katika kifungu, neno moja kwa kila pengo. Maneno yanayotakiwa pale ni ya kawaida: there, while, which, could, quite, never. Kwanza angalia ni aina gani ya neno sentensi inataka, kitenzi au kiunganishi. Ukishalipata kichwani, liandike pembeni na ulitazame tahajia yake kabla ya kulihamishia kwenye pengo. Usiandike mawili ukimwachia mtahini achague.

Mafumbo manne ya kuanzia leo jioni. La kwanza: tumia herufi za early utengeneze maneno mengine mawili. La pili: neno la herufi tano, linaanza na G, linaisha na E, la nne ni Z. La tatu: hamisha herufi za below upate sehemu ya mkono. La nne: neno lenye EA katika nafasi ya tatu na ya nne, linaanza na S, na ni silaha aliyobeba mchungaji wa zamani.

Majibu: layer na relay, graze, ingawa anayetoa glaze apewe pointi zilezile, elbow, spear.